Kilima cha Padri kwa Rivasi

Yusto aliishi siku nne. Siku ya tano, saa sita mchana, bibi yake mzaa mama alitia saini kwenye kitabu cha mochwari, akapokea sanduku fupi kuliko mkono wake, akalibeba mwenyewe hadi kwenye gari. Mhudumu alinyoosha mikono amsaidie.

"Acha," Epifania alimwambia. "Nimebeba madaftari ya darasa moja mazito kuliko hili."

Hakuwa akilia, na watu walikuwa wameshaliona hilo. Epifania alikuwa mwalimu wa fizikia, kidato cha kwanza na cha pili, na tangu mumewe afariki alikuwa amezoea kwamba jambo likiharibika yeye hutafuta spana wakati wenzake wanatafuta leso. Mtoto alipobadilika rangi wodini, wauguzi wakikimbia huku na huku, yeye ndiye aliyefungua chupa ya maji ya kunywa, akammiminia utosini na kumbatiza kwa jina la babu yake. Kisha akafunga kizibo, akairudisha chupa mahali pake.

Kabla ya kuondoka alipitia wodini. Sharon, bintiye, alikuwa amelala chali, mshono wa upasuaji haujamruhusu hata kuketi vizuri. Macho yalikuwa yamevimba hadi yamekuwa kama ya mtu mwingine.

"Mama, azikwe leo."

"Atazikwa leo."

"Asirudishwe kwenye lile friji. Nasikia wanavyolifungua na kulifunga, linasikika mpaka huku. Sitaki alale tena kule na watu wakubwa wasiomjua."

"Harudi."

Epifania hakuwa mtu wa kuapa. Alimshika mwanawe kidole gumba cha mguu juu ya shuka, akakibana, akaondoka.

Gari lake lilikuwa dogo na jepesi, la kuendea shuleni na sokoni. Mjini Sumbawanga halikuwahi kumsumbua. Gari la parokia lilikuwa gereji, na pikapu ambayo mkwe wake, Flavian, aliahidiwa, ilikuwa imekwama huko bondeni Milepa na shehena ya mpunga. "Mtoto wa kilo mbili na nusu hahitaji pikapu," Epifania alisema, na mjadala ukaishia hapo. Flavian alikwenda mbele kijijini, kupita Mwazye, kusimamia kaburi. Waliobaki kumsindikiza mtoto ni bibi zake wawili.

Bibi wa pili, Cornelia, mama yake Flavian, alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushee, mwembamba, mwenye magoti mabovu na maneno machache. Alikuja na gari la abiria siku iliyotangulia, kwa sababu kwao mtoto hatolewi hospitali bila mtu wa upande wa baba. Walilaza nusu ya kiti cha nyuma ili sanduku lilale kwa urefu wa gari, naye akaketi kwenye nusu iliyobaki, mkono mmoja juu ya kifuniko. Yeye ndiye aliyesema sanduku likae vipi.

"Miguu itangulie, mama Sharon. Mtu huenda kwao kwa miguu yake."

Epifania alitaka kusema kwamba miguu yenyewe haijawahi kukanyaga chini. Akaligeuza sanduku kama alivyoambiwa.

Flavian alipiga simu walipokuwa wanatoka mjini. "Shikamoo mama. Kaburi tayari tangu saa nne. Ila upande wa Zambia kumekuwa kweusi sana."

"Marahaba. Tunakuja."

"Mwambie kaburi halilali wazi," Cornelia alisema kutoka nyuma. "Likilala wazi linatafuta mwingine. Na mimi mkwe wangu yuko hospitali na kidonda."

"Amesikia, mama Flavian. Na mimi nimesikia."

Hadi Matai ilikuwa lami, wakaenda vizuri. Pale lami ilipowaacha, kwenye ghala la mahindi kando ya njia, malori mawili yalikuwa yamesimama, vijana wanapakia magunia. Mmoja alilitazama gari la Epifania likishuka kwenye tope la kwanza, akacheka.

"Mshikaji, hiyo gari au pasi ya mkaa?"

"Pasi ina uzito, bwana! Hiyo kopo la maziwa. Mama, ukifika huko juu upepo utakurudisha bila nauli!"

Kisha wa pili akaona kilichokuwa ndani. Akampiga mwenzake kiwiko, wote wakashusha macho.

Mwenye malori, Yunusu, alitoka ghalani akipangusa mikono. Familia yake ilikuwa na duka na usafirishaji mjini, na Naima, binti yake, alifundishwa na Epifania. Alipochungulia kiti cha nyuma alivua kofia.

"Poleni, mwalimu. Poleni sana, mama. Sote ni wa Mungu." Akasimama kidogo, kisha akatazama matairi, maana yeye pia alikuwa mtu wa spana. "Unakwenda Mwazye na hiki?"

"Mbele ya Mwazye."

"Mvua ya mawe imepiga huko tangu saa saba. Lori langu la tatu limerudi. Dereva anasema barabara ni nyeupe tupu, unakanyaga breki gari linakwambia subiri. Kigari chako chepesi, mwalimu. Kitaelea juu ya yale mawe kama sabuni. Kinataka uzito nyuma. Sisi pikapu zetu tukienda tupu tunaweka mchanga, na miaka ishirini sijalala njiani."

"Weka," Epifania alisema.

Vijana wale wale wawili walijaza mchanga viroba vinne, wakavipanga kwenye buti, taratibu, wakijitahidi wasiguse sanduku. Gari likakaa chini kwa nyuma, pua ikainuka. Epifania aliliona hilo kwa macho yake. Laiti ungekuwa ubaoni, mchoro ule angeusahihisha kwa sekunde tatu. Lakini hakuwa amelala vizuri tangu siku ya kwanza ya Yusto, na Yunusu alikuwa mtu mwema mwenye miaka ishirini ya barabara ile. Alishukuru, akawasha gari.

Walikutana na ile nyeupe baada ya nusu saa. Kwanza ilikuwa vipande vipande kwenye mitaro, kama chumvi iliyomwagika. Kisha ikashika pembeni, kisha ikafunika njia nzima. Mashamba ya mahindi ya pande zote mbili yalikuwa yamechanwa hadi mabua yalibaki kama vijiti vya uzio. Ulezi ulikuwa umelala chini wote, kana kwamba ng'ombe wamelala juu yake. Kwenye shamba moja mtu na mkewe walikuwa wamesimama katikati, mikono kiunoni, hawafanyi kitu. Hawakugeuka kutazama gari.

Baridi iliingia kwenye kila uwazi wa milango. Pumzi zao ziliweka ukungu kwenye vioo, Epifania akawa anafuta kwa mkono huku mwingine umeshika usukani. Aliendesha kama anavyotembea mtu aliyebeba ndoo iliyojaa: hakuna kukata kona ghafla, hakuna breki, mguu unagusa mafuta kidogo tu. Mara mbili sehemu ya nyuma ilitaka kumpita. Mara mbili aliiacha iende kidogo, ikarudi.

Kwenye kioo cha ndani alimwona Cornelia akivua kitenge cha mabegani na kulifunika sanduku.

"Baridi hii," Cornelia alisema, kama anayejitetea.

Epifania aliongeza hita, ingawa ilikuwa mbovu tangu mwaka jana na alijua hivyo.

Kilima cha Padri hakikuwa kirefu. Kiliitwa hivyo kwa sababu padri mmoja wa zamani alivunjika mguu pale na pikipiki yake. Kilikuwa mita mia mbili na hamsini za udongo mwekundu, mtaro mkubwa kushoto, ukingo wa shamba kulia, na leo juu ya ule udongo palikuwa na tabaka la mawe ya barafu, mengine makubwa kama punje za mahindi, mengine kama maharage, yanayeyuka chini na kugandamana juu. Saa ilikuwa kumi na robo. Ng'ambo ya kilima, hadi nyumbani kwa Cornelia, zilibaki kilometa kumi na moja.

Epifania alikivaa kwa mwendo wa wastani. Gari lilipanda vizuri hadi theluthi ya njia, kisha injini ikapiga kelele na gari likasimama. Matairi ya mbele yalikuwa yanazunguka bure, yakirusha matope na barafu kwenye boneti. Halafu, bila kuulizwa, gari likaanza kurudi chini lenyewe, limekaa upande kidogo, pole pole kama mtu anayeondoka msibani bila kuaga. Breki hazikusaidia. Mtaro ulikuja karibu na dirisha la kushoto, akauona hadi majani yaliyokuwa ndani yake. Tairi la nyuma likagonga jiwe, gari likasimama.

Cornelia alikuwa amelikumbatia sanduku kwa mikono yote miwili.

"Uko salama?"

"Yeye yuko salama," Cornelia alisema.

Alijaribu tena. Alimhamishia Cornelia kwenye kiti cha mbele, akajaribu mara ya tatu. Safari hii hawakufika hata pale pa mwanzo. Simu haikuwa na mtandao. Hakuna gari lililokuwa nyuma yao, wala la mbele.

"Tumbebe," Cornelia alisema. "Ni mwepesi."

"Kilometa kumi na moja, mama Flavian. Kwa magoti hayo? Giza litatukuta Mwazye, na bado kuna kijito."

"Basi nenda naye wewe, uniache."

"Nikuache kwenye baridi hii nije kuzika wawili?"

Alitoka nje, akazunguka gari. Miguu ilizama kwenye barafu hadi juu ya viatu. Alisimama upande, akalitazama kwa mbali kidogo, na hapo ndipo alipoona alichokuwa amekitazama kule Matai bila kukiona. Nyuma imelala chini. Pua iko juu. Na gari hili, tofauti na pikapu za Yunusu, huvutwa na matairi ya mbele. Mchanga ule wote alikuwa ameupakia kuyanyima uzito matairi pekee yanayofanya kazi, na kilima kikayanyima zaidi.

"Mpumbavu," alijiambia kwa sauti. "Umefundisha nyenzo miaka kumi na minane."

Alifungua buti, akavuta viroba kimoja kimoja, akaumwaga mchanga mbele ya matairi hadi ukaisha. Mgongo ulimwuma, akafurahi kwamba kuna kitu kinauma kwa sababu inayojulikana. Alijaribu tena. Gari lilipita nusu ya kilima, likapumua, likarudi.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Alizima injini, akakaa mikono juu ya usukani.

"Kuna njia moja," alisema. "Tunageuza gari, tunapanda kwa rivasi. Pua itakuwa chini, uzito wote unarudi kwenye matairi ya mbele. Litapanda."

Cornelia alimgeukia. "Kinyumenyume?"

"Kwa rivasi, ndiyo."

"Mtoto anakwenda kaburini kinyumenyume, kama anayefukuzwa? Hapana, mama Sharon. Maiti akishaondoka harudishwi nyuma. Anayekwenda hivyo anakuwa bado anatazama alikotoka. Hatalala huyo."

"Na asipofika leo atalala wapi? Humu? Au nimrudishe kwenye friji?"

"Usinisemee hivyo."

"Nasema kilichopo. Nimemwahidi Sharon. Wewe kaburi lako liko wazi. Ungekuwa na kilo mia ningekukalisha kwenye boneti tukapanda vizuri, lakini huna, umekonda kama ufito. Niambie njia nyingine nami nitaifuata."

Cornelia alitazama kile kilima cheupe kwa muda mrefu, midomo ikicheza. Epifania alisubiri, jambo ambalo hakulizoea. Mwishowe ni yeye aliyesema tena, kwa sauti ya chini kidogo.

"Tutageuza na sanduku pia. Gari likirudi nyuma, miguu yake itakuwa imetangulia bado. Gari ndilo litakwenda kinyumenyume. Yeye atakwenda mbele."

"Gari na aliyemo si kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja. Ungekuja na basi umekaa kiti kinachotazama nyuma, ungefika Sumbawanga au usingefika?"

Cornelia hakucheka, lakini alifungua mlango. Epifania alitoa sanduku, akampa. Mwanamke yule mzee akasimama na mjukuu wake kifuani katikati ya barabara nyeupe, mvua nyembamba ikiwa imeanza tena, huku mwenzake akihangaika kuligeuza gari mahali ambapo hata baiskeli ingegeuka kwa tabu. Mbele kidogo, nyuma kidogo, tairi moja likining'inia juu ya mtaro. Lilipogeuka, Epifania alilipokea sanduku, akaliingiza kupitia buti, miguu ikielekea kilimani. Kioo cha nyuma kilikuwa kimejaa ukungu na tope, hakionyeshi kitu.

"Nitakuona wewe tu," alisema. "Tangulia. Nikienda kushoto nyoosha mkono wa kulia, nikienda kulia nyoosha wa kushoto. Magoti yatakubali?"

"Yatakubali."

Basi wakapanda hivyo. Cornelia mbele, akitembea kinyumenyume yeye mwenyewe ili aweze kuliona gari, kile kitenge kikiwa sasa kimefungwa kichwani, akisali Rozari kwa Kifipa kwa sauti iliyosikika juu ya injini. Epifania alikuwa ametoa kichwa na bega dirishani, shingo imepinda, mkono mmoja kwenye usukani. Gari lilishika. Halikwenda kama gari, lilikwenda kama kiwavi, lakini lilishika. Pale katikati, lilipotaka kukataa, alitikisa usukani kushoto na kulia ili matairi yatafute udongo chini ya barafu, yakaupata, yakaupoteza. Cornelia akashuka bila kuambiwa. Alifungua kitenge kichwani, akapiga magoti yale mabovu kwenye barafu, akakisukuma chini ya tairi.

"Haya!"

Tairi likakitafuna kitenge, likakitupa mbele kikiwa matambara, gari likaruka hatua tatu na halikusimama tena hadi juu.

Kule juu njia ilikuwa pana. Epifania aligeuza gari, kisha akashuka, akafungua buti na kuligeuza sanduku mara nyingine, kabla hajaombwa. Cornelia alimtazama akifanya hivyo.

"Hili libaki kwetu wawili," Cornelia alisema.

"Libaki."

Walifika saa kumi na mbili kasoro dakika chache. Wanawake walipokea gari kwa kilio, na kwa muda Epifania hakusikia kitu kingine. Flavian alikuja amelowa hadi kiunoni, akamwamkia, akapokea sanduku, akasimama nalo kama mtu aliyepewa kitu na kusahau ni cha nini. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Hakuwahi kumbeba mwanawe akiwa hai, kwa sababu ya mipira na mashine.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, mwisho wa shamba la mahindi ambalo halikuwa tena shamba la mahindi. Wanaume walikuwa wanachota maji kwa ndoo tangu saa tisa. Walichota, yakarudi, kutoka pembeni, kutoka chini, na barafu iliyokuwa imelundikana ukingoni ikayeyukia humo humo. Katekista Wilibrodi, katika koti la mvua, alisoma haraka. Alimwuliza Epifania kama mtoto alibatizwa, na nani. "Na mimi, kwa maji ya chupa," alijibu. Wilibrodi akasema inatosha, akaendelea.

Wakashusha sanduku kwa kamba mbili. Kamba zikalegea kabla ya wakati. Sanduku lilikuwa limekaa juu ya maji, jeupe, likizunguka taratibu kuelekea kona ya kaburi, likagonga ukuta wa udongo, likarudi.

Kilio kikakatika.

Kijana mmoja aliweka mpini wa jembe juu ya kifuniko, akalisukuma. Lilizama upande mmoja, likainuka upande mwingine. Wakatupa udongo, likainama, karibu lipinduke. Wilibrodi akainua mkono wakaacha.

"Amekataa," mtu alisema nyuma.

Shangazi yake Cornelia, bibi kizee aliyekuwa ameshikiliwa pande mbili, akasema kwa sauti kavu, "Huyu hakuja vizuri. Asiyetaka kulala hivi alirudishwa nyuma njiani. Nani alikuja naye?"

Epifania alihisi macho ya Cornelia juu yake. Hakugeuka.

"Ni mbao na maji," alisema. "Sanduku jepesi linaelea. Lingekuwa la mtu mzima lingezama. Lishikiliwe, udongo uwekwe pande zote kwa pamoja."

"Lishikiliwe na nini, mwalimu?" Wilibrodi aliuliza.

Flavian alikuwa ameshavua viatu. Aliingia kaburini kabla mtu hajamzuia, maji yakamfika mapajani. Akainama, akaweka viganja viwili juu ya kifuniko, akalisukuma sanduku chini pole pole, sawasawa, mikono ikazama hadi viwiko, hadi mabega karibu. Uso wake ulikuwa shavu kwa shavu na maji.

"Wekeni," alisema.

Hakuna aliyesogea.

"Wekeni! Nimemshika."

Epifania ndiye aliyechukua koleo la kwanza. Alianzia miguuni. Wanaume wakafuata, wakatupa udongo taratibu kumzunguka, matope yakaanza kujaa, maji yakapanda na kumwagikia nje. Flavian alitetemeka mpaka meno yakasikika. Mara mbili Wilibrodi alimwambia atoke, akatikisa kichwa. Alipoona udongo umeshika ndipo alipolegeza, na mikono ikawa haitoki, imenaswa. Watu wanne walimvuta kwa kwapa. Alitoka bila sauti, akalala kifudifudi kwenye barafu kando ya kaburi, wakamfunika blanketi.

Walimaliza mwanga ukiwa unakwisha. Kaburi halikulala wazi.

Watu walipokwenda kunawa mikono, yule kizee hakuwa amesahau. "Nimeuliza na sijajibiwa. Alirudishwa nyuma, hakurudishwa?"

Cornelia alikuwa anaosha tope magotini.

"Mwulizeni mama Sharon," alisema. "Yeye ndiye aliyeshika usukani."

Epifania alimtazama. Cornelia hakuinua kichwa. Alikuwa na kijiji chake cha kuishi nacho kesho na kesho kutwa, na mtoto wake alikuwa ametetemeka kaburini mbele ya macho yake. Huenda aliamini kila neno. Epifania aliliona hilo, na halikumpunguzia chochote.

"Kilima cha Padri tulipanda kwa rivasi," alisema, kwa sauti ya darasani, ili wa mwisho asikie. "Niliamua mimi. Bila hivyo angekuwa bado yuko kule chini."

Beseni la kunawia likazunguka, likafika kwake la mwisho, maji yakiwa yameshakuwa matope. Kwenye mkeka wanawake walisogea, si kumpisha, wakaacha nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Hakukaa. Alikwenda hadi kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya zizi, mahali pekee ambapo simu zilishika, akapanda juu yake na viatu vyake vilivyolowa.

Sharon alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Mama? Amelala vizuri?"

Epifania angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa dogo, lilikuwa mdomoni.

"Kaburi lilikuwa na maji," alisema. "Sanduku likaelea. Flavian akaingia, akamshika chini kwa mikono yake mpaka udongo ukakaa. Ndivyo alivyozikwa."

Upande wa pili kitanda cha jirani kililia.

"Kwa nini unaniambia, mama?" Sharon alisema hatimaye. "Kwa nini wewe huwezi hata mara moja..."

"Kwa sababu utaambiwa. Watakuambia hakutaka kulala, kwamba mimi nilimpandisha kilima kinyumenyume. Nilimpandisha, kweli. Gari lilikuwa halina njia nyingine. Watakwambia na mengine, ukizaa tena na usipozaa. Nataka uwe umeyasikia kwangu kwanza."

Sharon alilia. Epifania alisimama juu ya kichuguu akamsikiliza, simu imegandamana na sikio, hakumwambia anyamaze. Baridi ilikuwa imepanda kutoka miguuni hadi magotini. Kule uani waliwasha moto, na karibu na moto aliwaona wakimsugua Flavian mikono, wawili kila upande, na Cornelia akimshika kichwa.

"Flavian alimshika kwa muda gani?" Sharon aliuliza.

"Muda mrefu. Walimvuta, hakutaka kumwachia."

"Hakuwahi kumshika."

"Najua."

Kisha, kwa sauti ndogo ya mtoto aliyechoka, "Lakini hakurudi kwenye friji."

"Hakurudi," Epifania alisema.